Tumbo la Ukoo

Mwezi uliopita tulimzika Mama Wanja, mkwe wetu wa Embu, nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapoanza kushuka kwenda mtoni. Watu walisema mengi. Mchungaji alisema alikuwa mama wa maombi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akasema alikuwa mama wa bidii, na mtu mmoja wa kiwanda cha kahawa akasema hajawahi kumwona akileta kahawa ambayo haijaiva. Halafu mwenye maikrofoni akasema, "Tusikie neno moja kutoka kwa wakwe wa Meru," na macho yote yakaniangukia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wa upande wetu. Nikasimama. Nikaishika ile maikrofoni kama mtu aliyepewa nyoka. Nikasema, "Alikuwa mtu," nikaketi. Mutwiri, kijana wangu, aliona haya. Nilimwona akiangalia viatu vyake. Lakini nilichotaka kusema hakisemeki mazishini, watu wamekaa juani wanasubiri wali. Kinataka nafasi. Ndiyo sababu nimeketi hapa na daftari la mjukuu, mimi niliyeachia shule darasa la nne, naandika habari za mwaka mmoja tu. Za baba yangu na mama yangu na mahali nilipozaliwa naziacha. Hata wewe una baba na mama wako, na wote wanafanana.

Kiswahili changu usikishangae. Nilikiokota Majengo, pale Meru mjini, nilipokuwa nabeba nyama mgongoni kutoka machinjioni hadi kwa Swaleh mchinjaji, kabla sijarudi Kibirichia kulima viazi. Swaleh alikuwa hanipi nyama mpaka niitaje sawasawa kwa Kiswahili. Sema paja. Sema kidari. Sema sarara. Kwa hivyo Kiswahili changu kimeanzia kwa nyama, na nadhani ndiyo maana mambo yangu mengi yanaishia kwa chakula.

Sasa uelewe kwanza nilikuwa nani. Kila mtu katika ukoo anajulikana kwa kitu. Kuna anayejulikana kwa sauti, kuna anayejulikana kwa kukumbuka mambo ya mashamba ya zamani, na mimi nilijulikana kwa kula. Usicheke, ilikuwa kazi. Ukoo ukienda kuomba msichana, lazima twende na msemaji, na msemaji wetu alikuwa M'Mwongera, rika langu, mtu mwenye mdomo usiopata baridi. Lakini kwa watu wetu, na hata kwa watu wa Embu, chakula huja kabla ya maneno. Mgeni asipokula, maneno hayaanzi. Na mkila kama kuku, mkidonoadonoa, wenye nyumba watasema hawa wanatudharau, ama wanatuogopa, na hakuna anayempa binti yake mtu anayeogopa sufuria yake. Basi walinichukua mimi. Niliketi karibu na sinia kubwa. Kule Mikinduri nilikula mpaka wanawake wakatoka jikoni kuja kuniangalia mlangoni, na mmoja akapiga vigelegele. M'Mwongera alikuwa akisimama kututambulisha anasema, "Sisi hatukuja mikono mitupu. Tumekuja na tumbo la ukoo!" Watu wanacheka, nyumba inalegea, na maneno yanaanza vizuri. Kuna nyumba nyingi zenye watoto leo ambazo zilifunguliwa na tumbo langu, na wenyewe hawajui.

Kumbe hilo tumbo lilikuwa linanichimbia kaburi. Nilipofika miaka hamsini na minane nilikuwa nalala nimeketi, kwa sababu nikilala chali pumzi inaniacha. Magoti yalikuwa yanalia. Sukari ilikuwa imenishika, na Nkatha, mke wangu, alikuwa akinidunga sindano asubuhi na jioni mpaka ngozi ikawa ngumu. Kijana wangu Mutwiri, aliyekuwa anafanya kazi ofisini Meru mjini, ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari Nairobi anayekata tumbo likawa dogo. Sitaki kueleza mengi ya hospitali maana nililala karibu yote. Walipitia matundu matano madogo, kila moja linatosha ncha ya kidole. Nilipoamka daktari akaniambia wamelikata tumbo langu kwa urefu, sehemu kubwa wameitoa, wakaniachia kipande chembamba kama ndizi. Nikamuuliza, "Ndizi ya kupika ama ya kuiva?" Akacheka, akaniambia nisimchekeshe, maana mimi ndiye nitakayeumia nikicheka. Na kweli.

Kabla ya kuondoka Nairobi niliwaapisha Nkatha na Mutwiri. Mtu akiuliza, ni vidonda vya tumbo, vimetibiwa, basi. Nkatha akasema, "Baba Mutwiri, kwani umeiba?" Nikamwambia hajui. Msemaji wa ukoo akikatwa ulimi, atawaambia watu? Nilikuwa naona kwamba wamenitoa kazi yangu na jina langu, wakavitia katika beseni.

Tulirudi Kibirichia wakati wa baridi. Nilikuwa nakaa jikoni, si sebuleni, kwa sababu ya moto. Mtu aliyekatwa tumbo husikia baridi mpaka kwenye meno. Nkatha alikuwa amebandika ukutani karatasi tuliyopewa na binti wa lishe wa hospitali, msichana mdogo, mkali kama pilipili. Aliibandika kwa uji mzito, na panya walianza kuila pembeni, lakini maneno yalibaki. Wiki za kwanza ni vya majimaji tu, tena kwa kuonja. Kipimo changu kilikuwa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Nkatha anajaza maji, ananipa, nanyonya kidogo, nangoja, nanyonya tena. Kifuniko kimoja kilikuwa kinaweza kula muda wa kumenya viazi vya watu sita. Mimi niliyekuwa namaliza jagi la uji nikiwa nimesimama! Halafu supu iliyochujwa. Halafu vitu vya kupondwa. Na usinywe ukiwa unakula. Ngoja nusu saa. Na utafune mara ishirini na tano hata kama ni kitu laini. Na pua ikianza kutoa maji, acha, umeshiba. Hilo la pua nilidhani ni mzaha wa yule binti, lakini ndivyo ilivyo. Mpaka leo tumbo langu linaongea na mimi kupitia pua.

Kitu kilichonitisha zaidi si maumivu. Ni kwamba njaa ilikuwa imenihama. Sijui kama unaweza kuelewa. Maisha yangu yote njaa ilikuwa inakaa na mimi kama ng'ombe aliye zizini, unamsikia hata ukilala. Siku moja, nadhani wiki ya pili, nimeketi jikoni asubuhi, mvua inapiga mabati, nikagundua sisubiri kitu chochote. Nikasikia sauti ndogo ikiimba. Nikageuza kichwa. Ni Nkatha, anakoroga uji wake mwenyewe, anaimba kwa pua, wimbo wa kanisa unaoingia wimbo wa kulima halafu unarudi kanisani. Nikamuuliza, "Umeanza lini kuimba ukipika?" Akasema, "Tangu unioe." Miaka thelathini na mitatu, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye jiko lile lile, masikio yangu yakisikiliza mwiko tu.

Na sukari, basi. Ilianza kushuka hata kabla nguo hazijalegea. Asubuhi moja Nkatha alinipima, akakiangalia kile kidude, akakitikisa, akakipigapiga kwa kiganja kama redio, akanipima tena kidole kingine. Kisha akapima chake mwenyewe aone kama kidude kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Daktari wa Meru mjini akasema tupunguze sindano, halafu baadaye akasema tuache. Nkatha akazifunga zilizobaki kwa gazeti, akakaa nazo kwenye paja muda mrefu kama mtu anayeaga mgeni.

Wiki ya tano ndiyo niliruhusiwa kiazi. Kimoja, kidogo, kimepondwa na maji yake. Nilitia kijiko mdomoni nikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, kama karatasi ilivyosema, na nilipofika kumi na kitu nikaacha kuhesabu. Kile kiazi kilikuwa na udongo ndani yake. Si uchafu, la. Harufu ya shamba la juu, lile linalopakana na msitu, mvua ikitoka kunyesha. Halafu nyuma ya udongo kuna utamu, na nyuma ya utamu kuna kitu kama chestnati, ile njugu ya Wazungu, sijui, sijawahi kuila, lakini watu wa vitabu huisema. Nimelima viazi miaka mingi kuliko umri wa daktari wangu. Nimepigania bei, nimevipulizia dawa, nimevilinda na baridi kali, nimekula magunia kwa magunia. Na siku ile nilijua sijawahi kuonja kiazi. Nilikuwa nakipitisha tu. Machozi yalinitoka, na Nkatha akadhani kimenikwama akanikimbilia.

Usidhani ilikuwa asali tupu. Vitu nilivyovipenda viligeuka maadui. Ugali ulikuwa unakaa kifuani kama ngumi. Chapati ni sufi. Maziwa yalinikimbiza chooni, mimi mtu wa kufuga. Mayai yalinuka kama kiberiti miezi miwili, halafu siku moja yakaacha. Nywele zilianza kutoka kwenye chanuo. Na kuna kile cha sukari ya kikombeni, si ya ugonjwa, ambacho hakuna aliyeniandaa vizuri, ama aliniandaa nikiwa simsikilizi. Nilikuwa nimeenda Majengo kwa Swaleh, maana yeye ndiye mtu wa tatu niliyemwambia ukweli. Mke wake alikuwa akinichemshia supu ya mifupa, anaichuja kwa kitambaa safi mara mbili mpaka inakuwa kama chai ya rangi, na nilikuwa nainywa pale nyuma ya bucha, kwenye chumba chenye pazia, wakati wa adhuhuri, Swaleh akiwa ameenda msikitini. Siku hiyo mgeni mmoja aliniletea chai, na kwa heshima ya Majengo chai ina sukari ya kusimamisha kijiko. Nikasahau. Nikanywa kikombe kizima. Haikupita dakika nyingi, moyo ukaanza kukimbia, jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo, miguu ikawa maji. Nikalala kwenye mkeka nyuma ya pazia nikadhani ndiyo basi.

Nikiwa pale chini nikasikia watu wawili wamekuja kununua nyama. Sauti nilizijua, ni watu wa kanisa letu, wa Kibirichia.

"M'Ikiara umemwona?" mmoja anasema. M'Ikiara ni mimi.

"Ameisha. Suruali anaifunga na kamba."

"Na vile alikuwa anakula ya watu watatu!"

"Wanasema ni vidonda."

"Vidonda gani vinamaliza hata makalio? Ni ule ugonjwa. Hawa watu wa kutembeatembea na ukoo, kila mahali wanalala."

"Maskini Mama Mutwiri."

Halafu nikasikia Swaleh, amerudi, kisu chake kinagonga ubao. "Ninyi wawili," akasema, "mnataka nyama ama mnataka kumla mtu?" Wakanunua. Swaleh akaja nyuma ya pazia, akanikuta nimelala nimelowa jasho. Akachuchumaa. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Waambie ukweli basi, ewe mzee. Aibu ya kweli ni ya siku moja." Nikamwambia afadhali wadhani nina ugonjwa kuliko wajue sina tumbo. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa kuingia ndani wakati simba yuko nje. Swaleh na mimi tumezeeka sasa, na hilo jambo bado ananirudishia akitaka kunishinda kwa maneno.

Mwezi wa sita tangu nikatwe ndipo Mutwiri alisema amepata msichana, Wanja, mwalimu, kwao ni juu ya Embu mjini, upande wa kahawa. Siku ikapangwa. Na mimi ndiye baba. Hakuna namna ya kubaki. Nkatha aliniambia siku tatu mfululizo, "Mwambie hata M'Mwongera peke yake." Mutwiri alikuwa ameapa, lakini nilimwona ananiangalia. M'Mwongera mwenyewe alikuja nyumbani, akanizunguka kama mtu anayenunua fahali. Akasema, "Rika, umepungua. Lakini ndani?" Nikamwambia, "Ndani ni pale pale." Akanipiga mgongo. Ndivyo uongo wangu ulivyopata miguu.

Siku ya safari nilivaa masweta matatu, moja juu ya jingine, halafu koti langu la zamani, ili nifanane na mimi. Nyumba ya Mama Wanja ilikuwa na sebule ndefu, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na viti virefu viwili vya kanisa vimeazimwa. Baba yake Wanja alikuwa amefariki, na aliyekaa mahali pake ni kaka wa huyo marehemu, Mzee Njeru, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na fimbo aliyokuwa akiiweka kati ya magoti. Mama Wanja alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu wa kazi, na macho ambayo hayakuwa na haraka. Tulisalimiana, tukaomba, na M'Mwongera akasimama. Nilijua anachokwenda kusema. Nilitamani nimvute koti. "Wathoni wetu," akasema, maana muthoni ni mkwe kwao na kwetu, "hatukuja mikono mitupu. Huyu mnayemwona, Mikinduri wanamkumbuka, Chogoria wanamkumbuka. Hili ndilo tumbo la ukoo!"

"Tumesikia," Mama Wanja akasema. "Habari zake zilifika hapa kabla ya gari lenu."

Akaashiria kwa kidevu, na wanawake wawili wakaingia wamebeba sinia moja, kila mmoja ameshika upande wake. Mukimo wa njahi, yale maharagwe meusi yaliyopondwa na ndizi, umepandishwa kama kichuguu, juu yake mbavu za mbuzi, na kando jagi la uji uliochachushwa ukatiwa sukari. Mama Wanja akaliweka sinia mbele yangu yeye mwenyewe. "Muthoni," akasema, "hiki ni chako peke yako. Nilianza kukipika kabla ya jogoo. Usiniaibishe."

Vijiko vitatu vya kwanza vilienda vizuri. Nilitafuna, nikatafuna, nikijifanya nasikiliza mazungumzo. Cha nne, pua ikaanza kutoa maji. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeacha. Lakini wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, na M'Mwongera akawaambia, "Mwangalieni, huyo anapasha injini tu!" Wakacheka, na mimi, mzee mzima, nikafurahi kuchekewa. Nikachukua ubavu. Nikaung'ata kama zamani, nikaumeza kama zamani. Ukakwama. Ilikuwa kama mtu amekalia kifua changu kutoka ndani. Nikafanya kosa la mwisho: nikanywa kikombe cha uji kuusukuma.

Nilitoka nje nikijifanya natafuta choo. Sikufika. Nyuma ya jiko, kwenye nyasi za ng'ombe, kila kitu kilirudi, na mate mazito kama povu la sabuni. Mwanamke aliyekuwa akiosha sufuria aliniona, akapiga kelele, "Mgeni anatapika!"

Kama wewe si wa mlima huu labda utasema, pole, mzee ni mgonjwa. Lakini kwetu mgeni akitapika kwako, hakuna anayeuliza tumbo lake lina nini. Wanauliza ni nani aliyepika. Jina la mwanamke linaweza kufa mchana mmoja kwa namna hiyo, na baada yake hakuna mtu atakayekunywa hata maji kwake; harusi haitakuwapo, na dada zake Wanja hawataombwa. Nikiwa nimeinama pale nilisikia sauti kutoka jikoni, za chini chini.

"Uji ulikorogwa na nani?"

"Si mimi. Mimi nilipika njahi."

"Ni mwenyewe. Hakutaka mtu aguse."

Niliporudi sebuleni watu wetu wote walikuwa wameweka vijiko chini. Sahani zimejaa, mikono iko magotini. M'Mwongera hakuwa anafanya mzaha tena. Alikuwa ameshika kofia. Akaniambia kwa Kimeru, polepole, "Twende, rika. Twende na heshima, tukatafute hospitali." Wanja alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika pazia. Mutwiri alikuwa ananiangalia mimi, si yeye. Alijua ukweli, na alikuwa ameapa, na macho yake yalikuwa yananiomba nimfungue.

Na mimi nikanyamaza. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilinyamaza, nikafuta mdomo.

Ndipo Mama Wanja akaingia. Alipita katikati ya wazee, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akavuta lile sinia mapajani mwake. Akachukua kijiko changu. Hakukifuta. Akachota pale nilipokuwa nimechota, akala. Akachota tena. Akachukua ule ubavu nilioung'ata, akaung'ata upande ule ule. Akamimina uji katika kikombe changu, akanywa mpaka chini, akanionyesha ndani ya kikombe. Na wakati wote ananiangalia.

"Mama Wanja, inatosha," Mzee Njeru akasema.

"Niache, mzee. Nilipika mimi. Nile mimi."

Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza kijiko. Huenda wengine waliona mwanamke mwenye hasira. Mimi niliona koo. Mtu aliyepika tangu alfajiri hana njaa, na nilijua, kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, jinsi koo linavyokataa kile ambacho tumbo halijaita. Kila kijiko alikuwa anakisukuma. Macho yalianza kumlowa kwa kujilazimisha, na bado anachota. Kichuguu kile kilikuwa cha kunitosha mimi wa zamani, na nikaelewa kwamba huyu mama atakimaliza. Atakula aibu yangu yote, mpaka sinia liwe jeupe, nami nimekaa. Nimeona mambo makubwa maishani mwangu. Nimeona barafu ya mlima ikipungua mwaka kwa mwaka, nimeona sukari ikinitoka mwilini kama mgeni aliyechoka. Sijaona kitu kama yule mwanamke na kijiko kile.

Nikasimama. Nikavua koti. Nikavua sweta la kwanza, na la pili, na la tatu, na nilisikia mtu akisema "Yesu," maana kila sweta lilitoka na kipande cha M'Ikiara waliyemjua. Nikainua shati. "Mama," nikamwambia, "weka kijiko chini. Chakula chako hakina neno. Ni mimi sina tumbo." Nikawaonyesha yale makovu matano. Nikawaambia yote, ndizi, kifuniko cha dawa, ishirini na tano, pua, mpaka suruali ya kamba. Sikumbuki nilisema kwa lugha gani.

M'Mwongera alikaa chini taratibu. "Miezi sita?" akasema.

"Sita."

"Na mimi nimekuwa nikikutangaza!"

Mzee Njeru alikuwa amesogeza kiti, miwani yake imekaribia kitovu changu. Alitazama makovu moja moja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la shamba, "Na hicho kipande walichokitoa, walikizika wapi?"

Nikasema sijui. Sikuuliza.

"Hukuuliza? Mtu anaachaje kiungo chake kwa watu wa Nairobi bila kuuliza kimelala wapi?"

Hapo nyumba ilipasuka. Walicheka wa kwetu, wakacheka wa kwao, mwanamke mmoja mlangoni akacheka huku analia. Mama Wanja hakucheka. Alikuwa ameweka kijiko lakini bado ameshika sinia.

"Unakula kiasi gani?" akaniuliza.

"Vijiko vitatu. Nikitulia, vinne."

"Na hapa ulikula vingapi?"

"Vinne, na nyama, na uji."

"Kwa ajili ya heshima yetu."

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana, mama," nikasema. "Kwa ajili ya sifa zangu."

Akatikisa kichwa. "Basi angalau uongo umekutoka pamoja na mukimo," akasema, na sasa ndipo akacheka, akafuta macho kwa leso.

Lakini jambo halikuwa limekwisha, maana Mzee Njeru alikuwa mtu wa sheria. Akasema kilichorudi hakihesabiki. Mgeni hajala. M'Mwongera akajitolea ale badala yangu, na nadhani alitamani, lakini mzee akakataa: huyu ndiye baba wa kijana. Basi wakaamua kungoja. Walingoja zaidi ya saa nzima, wazee wa koo mbili, mpaka kifua changu kikatulia. Siku hizi nikienda na ukoo kuna kijana mwingine wa kula, na nafikia nusu sahani, na hakuna anayeuliza. Lakini siku ile hakuna aliyejua mtu kama mimi analishwaje. Mama Wanja alienda jikoni, akarudi na kisahani cha chai, ndani yake malenge yaliyopondwa, hayana chumvi, hayana sukari. Akaketi kwenye kile kigoda, magoti yake karibu yaguse yangu.

Nilitia kijiko cha kwanza. Malenge hayahitaji kutafunwa, lakini nilitafuna ishirini na tano. Nje kulikuwa na ng'ombe akivuta kamba. Nikameza. Yakaenda. Cha pili, nikaona taya la Mama Wanja linatembea pamoja na langu, yeye mwenyewe hajui, kama mama anavyofanya akimlisha mtoto wa kwanza. Nikaona na la Wanja kule mlangoni linatembea, na la M'Mwongera, midomo yote inatafuna hewa. Cha tatu, pua ikaanza. Nikaweka kijiko chini.

Mzee Njeru alisubiri. Alinitazama kooni, akanitazama kifuani, akasubiri tena.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa, mzee."

Akagonga fimbo sakafuni, mara moja.

"Mgeni amekula," akasema. "Semeni."